Bi Kasoro na Orodha Iliyojigeuza

Katika karakana ile ya miwani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Kasoro, na waliompachika jina hilo walikuwa wasagaji wa lenzi, watu wenye vidole vilivyobabuka kwa maji ya kusagia, ambao kwa miaka ishirini na mitatu walikuwa wakimletea trei za miwani wakiomba kimoyomoyo azipitishe, naye akiwarudishia pamoja na kikaratasi chenye neno moja: kasoro. Jina lilitungwa ili kumkomoa. Yeye akalipokea kama cheo.

Alikuwa mkaguzi. Alikaa kwenye meza ya mwisho kabisa, chini ya dirisha lenye nondo, akihakikisha kwamba kila lenzi inayotoka mle ndani ndiyo iliyoagizwa na daktari wa macho. Mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na miwili, mwenye mazoea ya kusonya kabla ya kusema, hivi kwamba waliomfahamu walianza kujitetea pale tu waliposikia msonyo.

Shule hakuifikisha mbali. Aliingia pale kama mfagiaji, akajifunza kukagua kwa kuchungulia juu ya bega la mkaguzi wa zamani, na siku mkaguzi yule alipostaafu ikaonekana kwamba hakuna mwingine anayeijua kazi. Miaka michache baadaye mzee mwenye karakana akanunua kompyuta ya kwanza. Ilikaa ofisini miezi minne ikiwa imefunikwa kitambaa, kila mtu akiiogopa kama mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Mwisho mzee akamwita.

"Wewe unayekosoa kila mtu," akamwambia, "hebu jaribu na wewe ukosolewe na hii."

Akampa na kitabu kinene kisicho na jalada. Bi Kasoro akakisoma saa za chakula cha mchana, mwaka mzima, huku mkono mmoja ukiwa na kijiko. Alichokitoa humo ni programu ya mistari mia nne ambayo iliiendesha karakana kwa miaka kumi na minne bila kulala hata siku moja.

Moyo wa programu ile ulikuwa mdogo, na ni lazima tuuelewe, maana ndio uliozua mambo yote. Kila asubuhi oda za siku zilipangwa kwenye orodha moja ya namba, namba moja kwa kila lenzi, ikionyesha nguvu yake: chanya kwa lenzi iliyotuna katikati, hasi kwa iliyobonyea. Nyingi zilikuwa tayari rafuni. Ila zile za vipimo visivyo vya kawaida zilisagwa palepale, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Ili kusaga lenzi iliyotuna unahitaji kalibu, yaani umbo la kusagia, iliyobonyea, na ili kusaga iliyobonyea unahitaji kalibu iliyotuna. Kwa hiyo mashine ilipaswa kuambiwa kinyume cha alichoandika daktari. Bi Kasoro akaandika kipande cha programu, ambacho wenye fani hukiita fanksheni: unakipa orodha, kinapita humo namba kwa namba, kinachagua zile za kusagwa peke yake, kinazigeuza alama, kisha kinazipeleka kwenye mashine. Za rafuni hakizigusi.

Na lugha ya kompyuta aliyoitumia ilikuwa na tabia moja nzuri. Ukiipa fanksheni orodha, haiipi orodha yenyewe. Inaitolea nakala. Fanksheni inageuzageuza nakala ile inavyotaka, kazi ikiisha nakala inatupwa, na orodha halisi iko palepale haijaguswa, inamsubiri mkaguzi aitumie kulinganisha. Bi Kasoro alilijua hilo vizuri na akalitegemea. Hakuliandika popote. Kwa maoni yake, mtu asiyejua jambo kama hilo hana sababu ya kuifungua programu ya mwenzake.

Mzee mwenye karakana alipochoka, akamwachia mkwewe. Mkwe aliingia na viti vipya, akawataka wafanyakazi wamwite Meneja, na mwezi wa tatu akatangaza kwamba programu ya zamani ni aibu na kwamba amemwajiri Mtaalamu kuja kuihamishia kwenye lugha ya kisasa.

Mtaalamu alifika Jumatatu na kompyuta mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine, kwa jinsi Bi Kasoro alivyoona, ya kuonekana nayo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Wafanyakazi wakakusanywa uani.

"Mimi," akasema, "naandika lugha saba."

Akanyamaza ili habari iingie. Wasagaji, waliodhani anazungumzia lugha za watu, wakamwomba awasalimie kwa mojawapo. Mtaalamu akacheka kicheko cha mtu anayewahurumia wengine. Meneja naye akacheka, ingawa ilionekana wazi kwamba na yeye alikuwa akiisubiri salamu.

Mchana Mtaalamu akamfuata mkaguzi mezani kwake.

"Mama, nimeiona programu yako. Ya kizamani, lakini kwa mtu ambaye hakusomea, umejitahidi."

Bi Kasoro hakuinua macho kutoka kwenye kipima lenzi.

"Kuna kitu chochote ninachopaswa kukijua kabla sijaihamisha?" Mtaalamu akauliza.

Msonyo ukatoka, mrefu. "Una lugha saba. Soma mwenyewe."

Wasagaji wakaangua kicheko. Mtaalamu akaondoka na tabasamu lililokauka, na Bi Kasoro akashinda siku ile amejaa furaha kama mtu aliyekula akashiba.

Baada ya wiki tatu programu mpya ikawashwa. Mtaalamu alikuwa ameihamisha ile ya zamani mstari kwa mstari, bila kuacha hata nukta, akapaka skrini rangi ya bluu na kuweka nembo ya karakana inayozunguka. Meneja aliitazama nembo ile ikizunguka dakika nzima. "Hii sasa ndiyo kazi," akasema.

Trei ya kwanza ikaja mezani kwa Bi Kasoro ikiwa na jozi sita. Nne zilikuwa za rafuni. Akazipima, akalinganisha na orodha kwenye skrini, ziko sawa. Mbili zilikuwa za kusagwa. Akapima ya kwanza: hasi tatu na robo. Skrini ikasema chanya tatu na robo. Akapima ya pili: kinyume vilevile. Akafuta kioo cha kipima, akapima upya, kisha akaenda kwa karani wa oda kuomba karatasi ya daktari. Karatasi ilisema hasi tatu na robo.

Akarudi na karatasi mkononi hadi ofisini kwa Meneja, ambako Mtaalamu alikuwa akinywa chai.

"Lenzi iko sawa na karatasi," akasema. "Skrini ndiyo yenye uongo."

"Mama, skrini haina mdomo wa kusemea uongo," Mtaalamu akajibu. "Inaonyesha ilichopewa."

"Basi imepewa uongo."

Meneja akainua mikono kuwatuliza. "Lenzi na skrini zinalingana au hazilingani?"

"Hazilingani, lakini..."

"Basi isagwe upya. Utaratibu ni utaratibu."

"Meneja, unasaga upya lenzi iliyo sawa?"

"Utaratibu," Meneja akarudia, kwa sauti ya mtu aliyelipenda neno.

Ikasagwa upya. Safari hii skrini ikaonyesha hasi tatu na robo, sawasawa na karatasi. Lakini lenzi iliyotoka kwenye mashine ilikuwa imetuna kama tumbo la aliyevimbiwa. Chanya tatu na robo. Bi Kasoro akaandika kasoro kwa herufi kubwa.

Mtaalamu akaja mwenyewe, akatazama skrini, akatazama karatasi, uso ukamchangamka. "Umeona? Mfumo ulikuwa unajirekebisha. Sasa skrini na karatasi vinasema kitu kimoja. Aliyebaki peke yake ni nani?"

"Lenzi."

"Kipima chako, mama. Kina umri gani hicho?"

Bi Kasoro akamtazama. Kulikuwa na matusi kadhaa yaliyofika mlangoni mwa mdomo wake wakati ule, na kila moja lilimwonea wivu mwenzake. Akayameza yote. "Kina umri wa kutosha kujua kutuna na kubonyea," akasema.

Jioni ile Mtaalamu akatoa maelekezo mapya, yakabandikwa ukutani na saini ya Meneja. Kila oda ya kusagwa ipitishwe kwenye mashine. Skrini isipokubaliana na karatasi, ipitishwe tena mpaka vikubaliane. Kipima lenzi kipelekwe kwa fundi. Mkaguzi, kwa muda, ahamie meza ya simu, na ukaguzi uwe wa mikwaruzo tu, kazi ambayo karani wa oda angeweza kuifanya huku akipiga mihuri.

Hivyo kwa wiki mbili karakana ile ikafanya kituko ambacho Bi Kasoro, akikikumbuka hadi leo, hukunja uso. Kila lenzi ya kusagwa ilitoka sahihi mara ya kwanza, ikatupwa kwenye pipa. Ikasagwa mara ya pili, ikatoka kinyume, ikatiwa kwenye fremu, ikafungwa vizuri na kitambaa laini ndani ya kasha, ikapelekwa kwa mtu mwenye macho mabovu. Pipa la takataka ndilo lililokuwa na miwani bora kuliko zote mjini. Meneja alipoulizwa na wasagaji kuhusu lenzi zinazopotea, alisema kila mfumo mpya una gharama za kuuzoea.

Bi Kasoro alikaa kwenye simu. Watu wakaanza kupiga. Dereva mmoja alisema tangu avae miwani mipya barabara imesogea karibu naye. Mwalimu mmoja alisema ameacha kusahihisha madaftari, anawaambia wanafunzi wajisahihishe. Bi Kasoro aliandika kila malalamiko na kuyapeleka ofisini, na Mtaalamu aliyajibu yote kwa sentensi moja: mteja apewe muda wa kuzoea. Watu wawili wasiojua kitu, mmoja ameketi mbele ya mwingine, wakipeana sifa. Ndivyo alivyoiona ofisi ile. Angeweza kupaza sauti. Badala yake alijikuta anasubiri, tena kwa utamu fulani, siku watakapoumbuka.

Siku ile haikuja kama alivyoipanga. Ilikuja kupitia dada yake.

Walikuwa wakiishi pamoja vyumba viwili, yeye na dada yake mkubwa, mjane, fundi cherehani aliyeshona nguo za nusu ya mtaa. Macho ya karibu yalikuwa yamemchosha dada, akaenda kupimwa, na oda yake ikapelekwa karakanani kama za wengine; Bi Kasoro alidhani ni ya rafuni. Dada aliichukua miwani Ijumaa. Jumamosi mchana Bi Kasoro alirudi kutoka sokoni akamkuta ameketi mbele ya cherehani, mikono mapajani, uzi umelala sakafuni.

"Vipi, dada?"

"Basi tena, mdogo wangu." Sauti ya dada ilikuwa ya utulivu usio wa kawaida yake. "Nimekubali. Macho yamekwisha."

"Yamekwisha vipi? Si una miwani mipya?"

"Ndiyo maana nasema yamekwisha. Ile ya zamani niliona ukungu. Hii mipya hata tundu la sindano silioni, hata sindano yenyewe naipapasa. Kama miwani mipya haisaidii, kilichobaki ni nini? Nimeshamwambia mama mwenye oda ya sare atafute fundi mwingine." Akanyoosha kidole. Sindano ya cherehani ilikuwa imempitia kwenye kucha, na kitambaa kilichofunga jeraha kilikuwa kimelowa damu.

Bi Kasoro akamvua miwani. Hakuhitaji kipima. Akaenda dirishani, akanyoosha mkono ulioishika, akaitazama nondo ya dirisha kupitia kioo kimoja, kisha akaisogeza miwani taratibu kulia. Kwa lenzi iliyotuna, nondo ingekimbilia kushoto. Nondo ikaenda kulia pamoja na mkono. Akaisogeza kushoto, nondo ikafuata kushoto. Imebonyea. Dada yake alihitaji chanya tatu, na alikuwa amepewa hasi tatu.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Lenzi za rafuni hazina neno, akawaza. Za kusagwa tu. Zilizochaguliwa tu. Mara ya kwanza skrini inageuka, mara ya pili inarudi. Kinachochagua na kugeuza ni kimoja tu mle ndani, na alikiandika yeye. Akakiona kile kipande cha programu kichwani kama kimeandikwa ukutani, mistari kumi na moja, na akaelewa alichokifanya Mtaalamu: alikihamishia kwenye lugha isiyotoa nakala. Lugha mpya ilikuwa inaipa fanksheni orodha yenyewe. Kila ikipita, inageuza ile ile ya asili, na inaiacha imegeuka.

"Si uzee, dada," akasema. "Ni ujinga. Wala si wako."

Halafu akakumbuka jambo lingine, na uso ukambadilika. Dada yake, ambaye hakuona karibu lakini alimjua mdogo wake tangu akiwa mgongoni, akauliza, "Na wewe umefanya nini?"

"Aliniuliza. Siku ya kwanza. Aliniuliza kama kuna jambo analopaswa kulijua."

"Ukamwambiaje?"

"Soma mwenyewe."

Dada akatikisa kichwa. "Ulikuwa na kitu ukakikalia kama kuku. Yeye kakosa, sawa, asamehewe na mama yake. Lakini kidole kilichotobolewa ni changu." Kisha akavaa viatu vyake vya kutokea, ingawa ilikuwa Jumamosi, na alipoambiwa karakana imefungwa akavivua na kusema, "Jumatatu basi. Nakwenda mwenyewe."

Jumatatu saa tatu fundi cherehani akaingia karakanani ameshikwa mkono na mdogo wake, kidole kimefungwa, kipande cha kitambaa, sindano na uzi kwenye mkoba. Wasagaji wakasimamisha mashine. Hakusalimia ofisini, alisimama katikati ya chumba.

"Nani hapa mwenye lugha saba?"

Mtaalamu akajitokeza, akisitasita. "Karibu, mama."

"Vaa hii." Akampa miwani. "Tunga huu uzi."

Mtaalamu akacheka, akamtazama Meneja, Meneja akatazama pembeni. Akavaa. Akachukua sindano. Akatunga hewa mara tano, ya sita akajichoma. Msagaji mmoja akageukia ukuta, mabega yakitikisika.

"Nami ndivyo," fundi cherehani akasema, akaketi kwenye kimojawapo cha viti vipya vya Meneja bila kukaribishwa.

"Inawezekana daktari ndiye..." Mtaalamu akaanza.

Bi Kasoro akaweka karatasi ya daktari mezani. Chanya tatu. Akaweka juu yake lenzi mbili zilizookotwa asubuhi ile kutoka kwenye pipa, zimeandikwa namba ya oda hiyo hiyo kwa wino wa msagaji. Akamshika Meneja kiwiko, akampeleka dirishani, akamwonyesha jinsi ya kuisogeza lenzi mbele ya nondo. Lenzi ya pipa, nondo ikakimbia kinyume. Lenzi ya kwenye miwani, nondo ikafuata. Meneja akarudia mara nne, kama mtoto aliyepewa kidude kipya, na kila mara rangi ikizidi kumtoka usoni.

"Yaani nzuri ndizo tunazotupa?" akauliza.

"Kwa saini yako," akasema Bi Kasoro.

"Haiwezekani," Mtaalamu akasema. "Niliijaribu fanksheni ile. Nimeijaribu kwa mikono yangu."

"Ijaribu tena. Mbele ya watu."

Mtaalamu akafungua kompyuta, ile ya kufanyia kazi. Akaandika namba moja tu: tatu. Akaipitisha kwenye fanksheni ya kugeuza alama. Fanksheni ikajibu hasi tatu. Akaita namba ya asili ionekane: tatu, haijaguswa. Akageuka kwa ushindi. "Hiyo hapo. Ya asili haibadiliki."

"Umeipa namba moja," Bi Kasoro akasema. "Karakana hii ina mteja mmoja? Ipe orodha. Tano. Iambie igeuze ya pili na ya nne tu."

Vidole vya Mtaalamu vikapunguza mwendo. Akaandika: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akapitisha. Akaita ya asili. Skrini ikaonyesha moja, hasi mbili, tatu, hasi nne, tano. Akaipitisha tena bila kuambiwa. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Sasa fungua ile yangu ya zamani," Bi Kasoro akasema. "Mistari ni ile ile. Ulihakikisha haikosi nukta."

Akaifungua, akaipa orodha ile ile. Nakala ikageuka, ya asili ikabaki kama ilivyozaliwa. Meneja akauliza kwa sauti ndogo kwa nini maneno yaleyale yafanye mambo mawili tofauti, na Bi Kasoro akamweleza bila haraka, maana kwa hili alikuwa na subira. Kuna lugha inayompa fundi nakala ya karatasi yako aichore apendavyo. Kuna lugha inayomkabidhi karatasi yenyewe. Na ipo ya tatu, akasema, inayokungoja uandike kineno kidogo mbele ya jina ili ijue unataka ipi, na usipokiandika inakupa nakala. Na hii mpya ina unafiki wa ziada: namba moja moja inazilinda, orodha inaiachia.

"Kila anayeanza kusoma kompyuta anajua hilo," Mtaalamu akasema, akitafuta pa kushika.

"Basi ulipaswa kumleta anayeanza."

Chumba kizima kikacheka, na ingekuwa vizuri kusema kwamba ndipo mambo yalipoishia. Lakini Mtaalamu, akiwa amebanwa kila upande, akaokota kitu kimoja cha kweli alichokuwa nacho. "Nilikuuliza," akasema. "Mbele ya hawa hawa. Nilikuuliza kama kuna jambo la kujua."

Kicheko kikakatika. Wasagaji wakamtazama Bi Kasoro. Alikuwa na majibu, hata matatu, na yote yangemwangusha yule mtu chini. Akatazama kidole cha dada yake.

"Uliniuliza," akasema. "Nami nilijua. Sikusema kwa sababu nilitaka uaibike." Hilo lilimgharimu kuliko mwaka mzima wa kitabu kisicho na jalada, na hakuna aliyempongeza. Dada yake tu alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyeridhika nusu.

Mtaalamu alitengeneza kosa kwa mstari mmoja: kabla fanksheni haijagusa chochote, ijitengenezee nakala. Mstari mmoja, dakika moja. Ripoti aliyoiandika baadaye ilikuwa na kurasa tisa, na mle ndani kosa liliitwa maboresho ya awamu ya pili. Meneja akaisaini. Mkataba ulipokwisha Mtaalamu akaondoka na barua ya kumsifu, kwenda kuhamisha programu za watu wengine, Mungu awasitiri. Meneja aling'oa maelekezo ukutani mwenyewe, asubuhi mapema kabla ya watu kufika, akadhani hawakuona. Bi Kasoro akarudishwa kwenye meza yake chini ya dirisha, na kipima kikarudi kutoka kwa fundi na kikaratasi kinachosema hakina tatizo. Programu mpya akaachiwa yeye. Aliisoma yote, akiisonyea ukurasa kwa ukurasa, na juu ya kila fanksheni akaandika maelezo kwa lugha ya watu: hii inapewa nini, inabadilisha zipi, inaziacha zipi, na kwa nini. Mengine yalikuwa marefu kuliko fanksheni zenyewe. Nembo inayozunguka aliifuta siku ya kwanza.

Lakini kwanza ilibidi miwani irudi. Jozi arobaini na moja zilikuwa zimetoka. Aliwapigia wenyewe mmoja mmoja, siku mbili mfululizo, na hakuwa mpole hata kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wanamtolea visingizio. Mmoja alisema amekwisha zoea kichwa kuuma. Mwingine alikiri kwamba miwani yake haivai, anapigia picha tu, na akataka kujua kama lenzi mpya zitang'aa vilevile. Dereva aliileta yake mwenyewe siku hiyo hiyo, na kioo cha pembeni cha gari lake kilikuwa kimening'inia. Dada yake alipewa miwani yake sahihi Jumatano. Alitunga uzi mara ya kwanza, akautoa, akautunga tena, kisha akatuma ujumbe kwa mama mwenye oda ya sare.

Jozi arobaini zikarudi. Ya mwisho haikurudi. Simu iliita bila kupokelewa, na mara moja ilipopokelewa ikakatwa Bi Kasoro alipoanza kufoka. Jumapili akaichukua lenzi mpya kwenye fremu nyingine, akaenda kwa miguu kwenye anwani iliyokuwa kwenye oda. Alimkuta mzee fundi saa, nje ya kibanda chake, ameipandisha miwani kwenye paji la uso.

"Mbona huivai?" akamuuliza.

"Naona vizuri nikiwa nimeivua."

Bi Kasoro akaichomoa pale kwenye paji, akamvalisha mpya, akamgeuza mabega kuelekea upande wa pili wa mtaa. "Soma."

Mzee akasoma kibao cha duka, neno kwa neno, taratibu. Akasoma kinachofuata. Akasoma namba ya gari lililoegeshwa. Kisha akageuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akakunja uso.

"Kumbe ni wewe uliyekuwa unanifokea kwenye simu," akasema. "Nilidhani ni mtu mwenye mwili mkubwa zaidi."

Bi Kasoro akaitia miwani mbovu mkobani. Nyuma yake, alipokuwa akiondoka, alimsikia mzee akiendelea kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa mtaani, mabango, milango, hata tangazo lililochanika nusu kwenye nguzo, akikosea hapa na pale na kurudia.